Kulinda kura za MCA (mwakilishi wadi): mwongozo kamili wa wakala, tangu alfajiri hadi bohari

Daftari langu la uwakala la mwaka 2017 lina kosa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Nimeandika: "Karatasi za MCA, vitabu 13." Basi. Sikuandika namba ya karatasi ya kwanza wala ya mwisho. Saa tano usiku, tukimulika kwa tochi za simu, tulivihesabu upya vitabu tukapata 12. Mimi nikasema asubuhi vilikuwa kumi na vitatu. Wakala aliyekaa karibu nami akaapa vilikuwa kumi na viwili. Tulibishana karibu saa nzima, hadi karani mmoja alipoinua katoni iliyodhaniwa tupu na kitabu kikaanguka sakafuni, kizima, hakijachanwa hata karatasi moja.

Hapakuwa na mwizi. Ila kama kitabu kile kingekuwa kimetolewa nje kweli, nisingekuwa na la kumwambia mtu yeyote, maana neno langu na la mwenzangu yalikuwa na uzito uleule. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari, na karatasi za kura ni mali.

Mwongozo huu ni wa wakala wa mgombea wa uwakilishi wadi nchini Kenya. Nimeuchagua uchaguzi wa wadi makusudi. Wadi ziko 1,450, na baadhi huamuliwa kwa kura chache ambazo mtu angeweza kuzibeba kwenye mfuko wa koti. Macho ya wanahabari na waangalizi yako kwenye urais, na ukumbi wa wadi hubaki na mawakala wenye usingizi. Kwenye uchaguzi mdogo, kama zile chaguzi za tarehe 27 Novemba 2025, kazi ni nyepesi kidogo kwa kuwa debe huwa moja. Kwenye uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 yatakuwa sita.

Kwanza fahamu unalinda nini

Wengi hudhani kulinda kura ni kukodolea watu macho na kupiga kelele mlangoni. Kelele hazijawahi kuokoa kura. Unacholinda ni karatasi, na kila karatasi ina namba. Ilitoka kwenye kiwanda cha uchapaji, ikapakiwa kwa kituo kimoja mahususi, na kufikia usiku wa manane ni lazima iwe kwenye mojawapo ya mafungu manne: haijatumika, imeharibiwa na mpiga kura akapewa nyingine, imo kwenye debe lake, au imetumbukizwa kwenye debe lisilo lake. Ikikosekana katika mafungu hayo, kuna mtu anayo.

Wazee wetu hawakuwa na bahati ya kuwa na karatasi ya kulinda. Kwenye mchujo wa KANU mwaka 1988 watu walipanga mlolongo nyuma ya picha za wagombea, na kuna mahali mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Watu walipotawanyika kwenda makwao, ushahidi ulikwenda nao. Hakuna mahakama inayoweza kuhesabu upya mlolongo. Karatasi ina ubora huo mmoja, kwamba inaweza kuhesabiwa mara ya pili.

Karatasi ya MCA ina rangi ya mchanga. Ya rais ni nyeupe, ya gavana buluu, ya seneta manjano, ya mbunge kijani, ya mwakilishi wa wanawake zambarau, na vifuniko vya masanduku hufuata rangi hizohizo. Zikariri kabla hujalala usiku wa kuamkia kura, kwani taa ikififia rangi ya mchanga na nyeupe hukaribiana kuliko unavyofikiri.

Siku chache kabla

Hakikisha barua yako ya uteuzi imeandikwa jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, pamoja na jina la kituo sahihi. Shule moja ya msingi inaweza kuwa na vituo vitano ndani yake, kwa sababu sheria hairuhusu kituo kimoja kuwa na wapiga kura zaidi ya 700. Barua ya darasa la pili haikuingizi darasa la tatu. Utaapishwa kiapo cha kutunza siri. Usivae rangi za chama.

Waambie wakubwa wako wa kampeni jambo hili bila aibu: wakala alipwe kabla ya siku ya kura, na apate chakula. Wakala mwenye njaa tangu alfajiri ataipokea sahani ya pilau kutoka kwa mtu yeyote, na akishaila, macho yake hayatakuwa makali tena. Nimeona mawakala wakinunuliwa kwa bei ambayo ningeona haya kuitaja hapa.

Beba daftari lenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi huru. Beba kalamu tatu za wino, tochi yenye betri mpya, chaja ya kubebeka, maji na sweta. Kama mgombea wako ameandaa lakiri zake mwenyewe, zile za plastiki zenye namba, zibebe pia. Nitaeleza kazi yake baadaye.

Alfajiri

Kura huanza saa kumi na mbili asubuhi. Wewe uwe mlangoni saa kumi na moja. Hiyo saa moja ya kabla ya foleni kuingia ndiyo inayobeba siku nzima, na ukiipoteza huwezi kuirudisha jioni hata uwe na mawakili kumi.

Msimamizi wa kituo atafungua mizigo mbele yenu. Fuata mpangilio huu, na uandike kila jambo pamoja na saa yake.

1. *Sanduku tupu.* Aliinue, aligeuze chini juu, kila wakala aone. Usione haya kusogea. Likishakaa mahali pake lisihamishwe, na liwe pale ambapo wewe uliyeketi unaliona na watu wa foleni wanaliona pia.

2. *Lakiri, au sili kama tunavyoziita kituoni.* Kila moja ina namba. Msimamizi atazisoma kwa sauti na kuziandika kwenye shajara ya kituo. Nawe andika, tarakimu zote bila kufupisha. Akisoma kwa kasi, mwambie kwa adabu: "Bwana msimamizi, naomba unirudie hiyo ya tatu." Hatakasirika. Wengi wa wasimamizi niliokutana nao ni walimu, na mwalimu hamchukii mwanafunzi anayeandika.

3. *Vitabu vya karatasi.* Hapa ndipo nilipokosea mimi. Idadi ya vitabu haitoshi. Andika namba ya karatasi ya kwanza ya kitabu cha kwanza, namba ya mwisho ya kitabu cha mwisho, na jumla yake. Kisha ulinganishe na idadi ya waliosajiliwa kituoni. Karatasi zikizidi kwa chache tu si hoja. Zikizidi kwa mamia, uliza papo hapo, na jibu liandikwe kwenye shajara.

4. *Sura ya karatasi.* Chukua sekunde mbili kutazama majina na picha. Je, ni wagombea wa wadi yenu? Mwaka 2022, siku moja kabla ya uchaguzi, iligunduliwa kwamba karatasi za ugavana za Kakamega na Mombasa zilikuwa na picha zisizo zake, na kura hizo zikasogezwa hadi tarehe 29 Agosti. Kama kosa la ukubwa huo lilisafiri kutoka kwa mchapaji hadi kaunti, la wadi moja linaweza kusafiri hadi darasani kwako.

5. *Kifaa cha KIEMS, kile cha kutambua wapiga kura.* Kikiwashwa, kioo kionyeshe kwamba waliotambuliwa ni sifuri. Andika sifuri hiyo pamoja na saa.

Mambo haya yakikamilika, watie sahihi mawakala wenzako kwenye ukurasa wako. Si sharti la sheria, ni ujanja wangu tu baada ya lile suala la vitabu kumi na vitatu. Wakala wa mpinzani wako akitia sahihi saa kumi na mbili kasorobo, hawezi kuja kukupinga saa tano usiku.

Mchana

Saa za mchana huchosha kwa sababu hakuna kinachotokea. Mtu anaingia, kidole kinawekwa kwenye kifaa, jina linatokea, anapewa karatasi zilizogongwa muhuri, anaenda kwenye kibanda, anatumbukiza, anapakwa wino, anatoka. Mia nne za namna hiyo, na akili inaanza kusinzia.

Wizi wa mchana, unapokuwepo, huwa mdogo na wa polepole. Unaostahili kuujua kwa undani ni ule wa mnyororo. Dalali wa kura huhitaji karatasi moja tu halali iliyotoka nje ikiwa tupu. Mpiga kura wa kwanza anapewa karatasi yake, anaificha, na debeni anatumbukiza kikaratasi chochote kilichokunjwa au hatumbukizi kitu. Nje, dalali anaitia alama ile karatasi tupu na kumkabidhi mpiga kura wa pili. Wa pili anaingia nayo mfukoni, anapokea yake tupu, anatumbukiza ile ya dalali, anatoka na tupu, analipwa. Mnyororo unaendelea hivyo hadi jioni. Hesabu za mwisho zitapungua kwa karatasi moja tu, ingawa kura zilizonunuliwa zinaweza kuwa hamsini. Kwa hiyo mtu akikwambia jioni "ni moja tu imepungua, tuachane nayo," ujue anazungumza na mtu asiyejua mnyororo, au anataka uwe mtu huyo.

Dawa yake ni kutazama mikono. Usitazame sura za watu, wala usijishughulishe na wanavyozungumza. Fuata karatasi ya rangi ya mchanga kutoka mkononi mwa karani hadi kibandani, kisha kutoka kibandani hadi kwenye tundu la debe. Ukiona mtu anatoka kibandani akielekea mlangoni bila kupita kwenye debe, mwite msimamizi kwa sauti ya kawaida. Usimguse mpiga kura, huna mamlaka hayo. Mwenye amri ndani ya chumba kile ni msimamizi, na askari wapo kwa ajili yake.

Simu ndani ya kibanda ni ndugu wa mnyororo. Siku hizi dalali hahitaji karatasi, anatosheka na picha ya kura iliyotiwa alama. Ukisikia mlio wa kamera kibandani, toa taarifa.

Wapiga kura wanaosaidiwa, yaani wazee, wasioona, na wasiojua kusoma, wanahitaji jicho la pekee. Msaidizi aliyeletwa na mpiga kura anaruhusiwa kumsaidia mtu mmoja tu. Ukimwona kijana yuleyule akiingia mara ya pili na nyanya mwingine, hilo ni la kuandikwa. Asiye na msaidizi husaidiwa na msimamizi mbele ya mawakala, na hapo kazi yako ni kusikiliza anachosema bibi na kutazama alama inapowekwa. Ukitoka, usimwambie mtu alimchagua nani. Umeapa.

Kila saa kamili, andika idadi iliyoonyeshwa na KIEMS. Kifaa kikikataa alama za vidole, mpiga kura huweza kutambuliwa kwa kuandika namba ya kitambulisho, na Fomu 32A hujazwa. Hesabu fomu hizo. Kikizima kabisa, sajili ya karatasi ndiyo inayofuata, kama ilivyolazimu sehemu za Kakamega na Makueni mwaka 2022, lakini huo ni uamuzi wa Tume ya uchaguzi (IEBC) na haumhusu karani aliyechoka kusubiri. Andika saa iliyotolewa ruhusa, na jina na cheo cha aliyeitoa.

Ukibanwa na haja, kuwe na wa kukupokea. Msiwe nyote wawili ndani kwa wakati mmoja, wala msiwe nyote nje. Mwachie daftari mwenzako, hata kama huwa hupendi kuazima.

Saa kumi na moja jioni: hesabu kabla ya kura

Aliye kwenye foleni saa kumi na moja atapiga kura. Askari au karani husimama mkiani mwa foleni ili asiongezeke mtu. Baada ya wa mwisho kutoka, tundu la debe hufungwa kwa lakiri. Andika namba yake.

Sasa watu wote wanataka debe limwagwe. Wewe zuia haraka hiyo, kwa maana kabla debe halijafunguliwa, msimamizi anatakiwa aandike taarifa ya karatasi: alipokea ngapi, ametoa ngapi kwa wapiga kura, zilizoharibiwa ni ngapi, zilizobaki ni ngapi. Nambari hizi zikijulikana kabla ya debe kufunguliwa, debe halina uhuru wa kuwa na kitu kingine. Zikijazwa baadaye, zitapindwa zilingane na kilichomo.

Chukua mfano. Tuseme asubuhi uliandika karatasi 650, namba 0041201 hadi 0041850. Jioni KIEMS inasema watu 434. Bahasha ya zilizoharibiwa ina 3. Maana yake zimechanwa 437. Kwa hiyo zilizobaki lazima ziwe 213, na kama vitabu vilitumika kwa mpangilio, karatasi ya kwanza ambayo haijatumika lazima iwe 0041638. Mwombe msimamizi akuonyeshe kitabu hicho. Kama kinaanzia 0041638, umelala vizuri. Kama kinaanzia 0041660, karatasi 22 zimechanwa na hazina mwenyewe, na hilo liulizwe sasa, debe likiwa bado limefungwa. Vipande vinavyobaki kitabuni baada ya karatasi kuchanwa navyo vihesabiwe, havidanganyi.

Hesabu hii huchukua dakika kumi na tano kwa kila aina ya kura. Mawakala wenzako watakulalamikia. Waache walalamike.

Neno moja kuhusu lugha, kwani limewapoteza wengi. Magazetini "kura zilizoharibika" ni jina la kila kitu kibaya. Kituoni kuna mambo mawili tofauti. Karatasi iliyoharibiwa ni ile ambayo mpiga kura aliikosea, akairudisha, akapewa nyingine. Haikuingia debeni kamwe. Kura iliyokataliwa imo debeni lakini haihesabiwi. Ukizichanganya hizi mbili, hesabu yako haitakaa sawa hata kidogo na utamtuhumu mtu bure.

Debe likifunguliwa

Kuhesabu huanza na kura za rais, nyingine zikifuata, hivyo jiandae kwa usiku mrefu. Hapo sweta na tochi huonyesha thamani yake. Kabla ya lakiri kukatwa, soma namba zake na uzilinganishe na za asubuhi. Zisipolingana, usikubali ikatwe hadi tofauti iandikwe kwenye shajara.

Kila karatasi inafunguliwa, msimamizi anataja jina la aliyepigiwa, anaigeuza muione, kisha inawekwa kwenye fungu lake. Usikubali mafungu yapangwe kwanza na kutajwa baadaye. Mwenzako mmoja apige vijiti vya tano tano, wewe utazame karatasi. Kufanya yote mawili peke yako ni kudanganya nafsi.

Kanuni zinataja sababu za kura kukataliwa: haina alama za usalama za Tume, ina namba isiyo ya kituo hicho, imepigiwa zaidi ya mgombea mmoja, ina maandishi yanayomtambulisha mpiga kura, au haina alama yoyote. Ile ya namba ndiyo uishikilie. Ulizo nazo asubuhi ni 0041201 hadi 0041850. Karatasi yenye namba ya nje ya hapo imetoka wapi?

Kwa upande wa pili, usikatae kura kwa sababu ya alama mbaya. Alama ya vema (✓) badala ya mkasi (X), alama iliyovuka mstari kidogo, mkono uliotetemeka: nia ya mpiga kura ikiwa wazi na hajajitambulisha, kura ni halali. Nimeona mawakala wakipigania kukataa kura za bibi vizee kwa kuwa hazikuwa nadhifu. Huo nao ni wizi, hata ukifanywa kwa kanuni mkononi.

Msimamizi akiikataa kura na wewe hukubali, sema unapinga. Ataandika juu yake kwamba kukataliwa kwake kumepingwa, nayo itawekwa kando. Mabishano yaishie hapo.

Mwisho wa fungu: halali 427, zilizokataliwa 6, jumla 433. Lakini watu walikuwa 434. Moja iko wapi? Kwenye uchaguzi mkuu, tazama masanduku mengine matano kwanza. Kura ya MCA iliyotumbukizwa kwenye debe la seneta si ajabu, hasa kwa wazee. Ikipatikana, iandikwe. Isipopatikana, rudi kwenye daftari lako la mchana na usome ulichoandika kuhusu mtu aliyetoka bila kupita kwenye debe. Na kama debeni zingekuwa 440? Hapo hakuna maelezo mazuri. Debe haliwezi kuzaa.

Usiporidhika, una haki ya kuomba kura zihesabiwe tena, lakini haizidi mara mbili. Usiitumie kwa hasira. Itumie pale unapoweza kusema kwa namba ni wapi kuna tofauti.

Fomu 36A

Hii ndiyo karatasi yenye thamani kubwa kuliko zote chumbani. Ya rais ni 34A, ya mbunge 35A, ya kwako ni 36A. Mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufaa, kwenye kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, ilisema matokeo yaliyotangazwa kituoni ni ya mwisho. Kwa hiyo kilichoandikwa hapa hakifai kubadilishwa huko mbele na mtu mwenye kikokotoo.

Kabla ya kutia sahihi, soma tarakimu na maneno. Ona kwamba "mia moja thelathini na moja" ni 131, si 113. Jumlisha mwenyewe. Kosa likirekebishwa, msimamizi aweke sahihi yake kando ya rekebisho.

Kama kuna jambo hukulipenda, tia sahihi na uandike malalamiko yako kwenye nafasi iliyotengwa. Mawakala wengi husukuma fomu na kuondoka kwa hasira wakidhani wamekomesha matokeo. Sheria inasema kukataa kutia sahihi hakubatilishi kitu. Ulichofanya ni kuacha nafasi tupu pale ambapo ushahidi wako ungekaa.

Dai nakala yako. Nyingine hubandikwa mlangoni mwa kituo. Ipige picha ile ya mlangoni, mlango nao uonekane, na uitume kwa watu wawili tofauti kabla hujatoka uwanjani.

Kufunga tena na safari ya usiku

Watu wengi huondoka hapa, na kituo hubaki na msimamizi, askari na karani mmoja. Usiondoke. Kura zikishahesabiwa hurudishwa kwenye pakiti, kila aina na yake: halali, zilizokataliwa, zilizopingwa, zilizoharibiwa, ambazo hazikutumika, na vipande vya vitabuni. Msimamizi huonyesha debe tupu kwa mara ya pili, hutia pakiti ndani, hufunga kwa lakiri mpya za Tume. Andika namba mpya. Za asubuhi hazina kazi tena.

Sasa zile lakiri za mgombea wako. Kanuni zinaruhusu wakala kuweka lakiri yake kwenye debe kando ya ile ya Tume. Wachache sana huitumia ruhusa hii, na sijui kwa nini, maana ndiyo ulinzi pekee utakaobaki na debe baada yako kwenda kulala.

Panga usafiri wa kufuata gari la Tume hadi kituo cha kujumlishia kura. Bodaboda yatosha. Andika saa ya kuondoka, namba ya gari, na saa ya kufika. Gari likisimama njiani, andika mahali na dakika.

Ukumbini na bohari

Kwenye kituo cha kujumlishia, 36A za wadi nzima huingizwa kwenye Fomu 36B. Hapa hahitajiki mtu mwenye nguvu, anahitajika mtu mwenye nakala zote za 36A zilizopangwa kwa mfuatano wa vituo. Msimamizi wa uchaguzi akisoma kituo chako, kidole kiwe kwenye nakala yako. Tofauti ikitokea, inua nakala juu na utaje namba mbili: iliyo kwenye fomu yako na ile aliyoisoma.

Masanduku huenda kwenye bohari ya Tume. Kanuni zinataka hati za uchaguzi zitunzwe miaka 3. Lakini muda unaokuhusu wewe ni mfupi: kesi ya kupinga uchaguzi hufunguliwa ndani ya siku 28 baada ya Tume kutangaza matokeo. Ya MCA husikizwa na hakimu, na dhamana ya gharama ni shilingi 100,000.

Mahakama inaweza kuamuru masanduku yafunguliwe na kura zikaguliwe, ila haifungui ya wadi nzima kwa sababu mgombea anahisi ameibiwa. Ukaguzi huishia kwenye vituo vilivyotajwa, kwa sababu zilizotajwa. Wakili atakuuliza: kituo kipi, saa ngapi, namba gani? Ndipo utakapofungua daftari lile lenye kurasa zilizoshonwa na kumsomea: lakiri ya debe la MCA, wakati wa kufunga, saa saba na dakika ishirini usiku, tarakimu zote saba.

Lihifadhi mahali pakavu. La kwangu la 2017 liliingiwa na mchwa pembeni, ingawa ule ukurasa wa kwanza bado unasomeka vizuri tu.